Kinyama Kilicholala Wikiendi Nzima

Oktoba ikifika, riboni za pinki hutundikwa kila kona na simu zetu hujaa habari za saratani ya titi. Akili unde inasoma picha za mamogramu. Kipimo cha mate kinataja jeni ulizorithi. Dawa mpya zinaisaka seli yenye saratani na kuiacha ile yenye afya. Nazisoma habari hizi kwa hamu, na nyingi ni za kweli. Lakini rafiki zangu wakiniuliza ni hatua ipi ya kitaalamu ingeokoa wanawake wengi zaidi huku kwetu, jibu langu ni jambo ambalo sijaona likipigiwa debe: kinyama kinachotolewa kwenye uvimbe kitunzwe vizuri tangu saa ya kwanza, na majibu yake yaseme yote yanayotakiwa kusemwa.

Nililifuatilia jambo hili kwa sababu ya mama mdogo wangu, mfanyabiashara wa vitenge, aliyegundua uvimbe kwenye titi la kushoto akiwa na miaka 44. Haukumuuma, kwa hiyo alingoja. (Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Sijui tulirudie mara ngapi hili mpaka lizoeleke.) Alipokwenda hospitali alipasuliwa Ijumaa mchana, kikatolewa kipande cha uvimbe, nesi akakitia kwenye kichupa, akabandika plasta yenye jina, akatukabidhi sisi ndugu tukipeleke maabara. Aliyewahi kuuguza mgonjwa anaujua utaratibu huo. Maabara tuliyoelekezwa ilikuwa imeshafungwa, na kichupa kikalala wikiendi nzima. Jumatatu fundi wa maabara alikifungua, akakinusa, akatuuliza: "Nani aliwawekea humu? Hii siyo fomalini. Haya ni maji ya drip."

Fomalini ndiyo dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze. Walikipima hivyo hivyo. Majibu yalisema ni saratani, na chini yake kulikuwa na mistari mitatu: ER hasi, PR hasi, HER2 hasi.

Mistari hiyo ndiyo inayoamua mgonjwa atapewa dawa gani, na ina historia ndefu. Mwaka 1896 George Beatson, daktari wa upasuaji wa Glasgow, alichapisha taarifa ya mwanamke ambaye saratani yake ya titi ilinywea baada ya kutolewa ovari. Hakuweza kueleza kwa nini. Maelezo yalianza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Chicago, pale Elwood Jensen alipoitia estrojeni alama ya mionzi na kuifuatilia ndani ya panya. Aliona mji wa mimba unaidaka homoni ile na kuishikilia, ilhali misuli inaiacha ipite. Kilichokuwa kikiidaka ni protini, kipokezi cha estrojeni, ndiyo hiyo ER kwenye karatasi; PR ni kipokezi cha homoni nyingine, projesteroni. Uvimbe wenye kipokezi hicho hukua kwa kulishwa na homoni, na ukiuzibia homoni unasinyaa.

Dawa inayofanya kazi hiyo ya kuziba, tamoksifeni, iliidhinishwa Marekani mwaka 1977. Ni kidonge, kinamezwa nyumbani, na bei yake si ya kumuuzisha mtu shamba. Uchambuzi mkubwa wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwanamke mwenye ER chanya akikimeza miaka mitano, uwezekano wa kufa kwa saratani hiyo katika miaka 15 ya kwanza unapungua kwa takriban theluthi moja. Kwa mwenye ER hasi hakisaidii kitu. Mstari wa tatu, HER2, una habari yake pia: Dennis Slamon na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba uvimbe wenye nakala nyingi za jeni hiyo ni mkali zaidi, na dawa iliyotokana na kazi hiyo, trastuzumabu, ilianza kutumika Marekani mwaka 1998. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Bei yake imebaki kikwazo kikubwa kwa wengi wetu.

Kwa hiyo ukiandikiwa hasi mara tatu, milango hiyo inafungwa. Kwa wengi wetu inabaki tibakemia, upasuaji na mionzi, na ndugu wanaanza kunong'ona. Mama mdogo alianza kugawa vitenge vyake vya akiba.

Samaki akitolewa majini pasipo barafu huanza kuharibika papo hapo, hata kama machoni bado anang'aa. Kinyama nacho ni hivyo. Damu ikishakatika, vimeng'enya vya seli zenyewe vinaanza kuzimega, na protini za vipokezi ni miongoni mwa vitu vinavyowahi kupotea. Mpatholojia akiangalia kwenye hadubini bado anaiona saratani, kwa sababu umbo la seli lipo. Lakini anapotia rangi ya kutafuta ER, rangi haishiki. Anaandika "hasi". Karatasi haina namna ya kumwambia daktari wa saratani wa hospitali ya Ocean Road au Bugando kwamba hasi ile imetokana na kichupa, si na mgonjwa.

Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa saratani na wapatholojia wa Marekani, inayofuatwa hata nje ya nchi hiyo, imekuwa mikali kwa mambo yanayoonekana madogo. Kinyama kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu kitolewe. Kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Uvimbe ukiwa mkubwa ukatwe vipande, kwa kuwa fomalini hupenya taratibu, kiasi cha milimita moja kwa saa. Titi zima likitumbukizwa kwenye ndoo bila kukatwa, katikati yake linaoza huku pembeni limehifadhiwa. Fomalini si kitu cha anasa. Kinachohitajika zaidi ni nidhamu ya saa.

Hapa ndipo utafiti wa jirani zetu ulipogusa moyo wangu. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mwanamke Mwafrika hupata zaidi saratani ya hasi tatu, na hospitali nyingine zikazoea kutokupima vipokezi kabisa. Mwaka 2014 Shahin Sayed, mpatholojia wa Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi, na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa Kenya uliolihoji jambo hilo waziwazi, wakizingatia utunzaji wa vinyama. Karibu robo tatu ya wagonjwa walikuwa na ER chanya. Wenye hasi tatu walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Tafakari maana yake: wanawake wengi waliokuwa wakihesabiwa hawana tiba ya homoni wangefaidika na kidonge cha bei nafuu.

Si kwamba tofauti za kweli hazipo. Lisa Newman, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyefanya kazi miaka mingi na madaktari wa Kumasi, alikuta wagonjwa wa Ghana wenye hasi tatu wakizidi nusu kidogo, na kwa Wahabeshi wakiwa kama 15 kati ya 100. Wamarekani weusi wengi wana asili ya Afrika Magharibi, na viwango vyao navyo viko juu. Anayesema "saratani ya Waafrika" kana kwamba bara zima ni ukoo mmoja anakosea kitaalamu, na kosa hilo linagharimu maisha upande wetu wa bara.

Tulimpeleka mama mdogo Dar es Salaam, na dokta wa huko aliposikia habari ya maji ya drip alikataa kuanza chochote kabla ya kuchukua kinyama kipya. Safari hii hakupasuliwa. Alichomwa ganzi, kisha sindano nene yenye springi ikaongozwa na altrasaundi mpaka katikati ya uvimbe; ikifyatuka inalia tak, na mgonjwa huonywa mapema asishtuke. Kila ikitoka inakuwa na kijinyama chembamba cha urefu wa sentimita moja hivi. Dokta alivitumbukiza kwenye fomalini mbele yetu, akavitazama. Vilivyozama alivifurahia, akasema hivyo vina uvimbe ndani yake. Kimoja kilielea, akasema hicho ni mafuta, akachukua kingine. Kwenye fomu palikuwa na nafasi mbili za kujaza: saa ya kutolewa, saa ya kuingia fomalini. Nesi alijaza zote palepale, na kati ya saa hizo mbili hazikupita hata dakika tano.

ER chanya, asilimia 90 ya seli. PR chanya. HER2 hasi.

Natamani kila mwanamke anayesoma hapa aijue haki hii: ukiambiwa una saratani ya titi, uliza mistari mitatu iko wapi. Ikiwa haipo, vipimo havijaisha. Ikiwa ipo na yote ni hasi, uliza kinyama kiliwekwa kwenye nini na baada ya muda gani. Si ukaidi wala kumdharau daktari, maana daktari mzuri hulifurahia swali hilo. Siku hizi ipo pia katriji ya mashine ya GeneXpert, mashine ile ile tunayopimia kifua kikuu hadi hospitali za wilaya, inayosoma vinasaba vya ER, PR na HER2 kutoka kwenye kinyama kilichohifadhiwa na kutoa majibu ndani ya saa chache. Ningependa kuiona ikisambaa. Nayo pia inakitegemea kinyama kilichohifadhiwa, kwa hiyo haiondoi wajibu wa anayekitoa.

Baada ya mama mdogo kuanza matibabu, binti yake alitaka naye apige mamogramu mara moja. Ana miaka 29. Alipoambiwa aanze na altrasaundi aliona kama anapunjwa, na nadhani wengi wangeona hivyo, kwa jinsi mamogramu inavyotajwa kwenye matangazo kama kipimo cha kila mtu.

Mamogramu ni picha ya eksirei, na umri wake ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Albert Salomon, daktari wa upasuaji wa Berlin, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya kupiga picha matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kutolewa kwa upasuaji, akiyalinganisha na alichokiona kwenye hadubini. Kule kubanwa titi kunakolalamikiwa na kila mwanamke kulisisitizwa na Raúl Leborgne wa Uruguay mwishoni mwa miaka ya 1940, naye alionyesha kwamba chembechembe za kalsiamu pichani zinaweza kuwa dalili ya saratani ambayo mkono hauwezi kuigusa. Kinachowashinda wote ni titi lenyewe. Mafuta huonekana meusi pichani, tishu ya tezi huonekana nyeupe, na saratani pia ni nyeupe. Msichana ana tezi nyingi na mafuta machache, hivyo weupe unajificha ndani ya weupe.

Utafiti wa miaka ya karibuni umelishughulikia hasa tatizo hilo. Japani iliwapima wanawake zaidi ya 72,000 wenye miaka 40 hadi 49, na majibu yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha kwamba altrasaundi ikiongezwa juu ya mamogramu, saratani zinazonaswa zinapanda kutoka 77 hadi 91 katika kila 100. Pamoja na hayo iliongeza pia wanaoitwa tena bila kuwa na ugonjwa, jambo linalofaa kusemwa. Uholanzi ilitumia MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, kwa wanawake wenye matiti yenye tezi nyingi mno, na utafiti wao wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa saratani zinazojitokeza katikati ya vipimo zilikuwa 2.5 kwa kila wanawake 1,000 walioalikwa MRI, dhidi ya 5 kwa wasioalikwa. Marekani, tangu Septemba 2024, kituo cha mamogramu kinalazimika kumjulisha mwanamke kama titi lake ni la aina hiyo.

Kisha kuna akili unde. Utafiti uitwao MASAI, wa nchini Sweden, unaoongozwa na Kristina Lång wa Chuo Kikuu cha Lund, ulitoa majibu ya awali mwaka 2023 kutoka kwa wanawake zaidi ya 80,000. Programu ilisaidia kusoma picha. Saratani zilizopatikana zilikuwa 6 kwa kila 1,000 dhidi ya 5 kwa usomaji wa kawaida, na kazi ya kusoma picha ikapungua kwa asilimia 44. Ni matokeo mazuri sana. Ila yametibu shida ya Sweden, ambako kila picha husomwa na madaktari wawili na wanawake huitwa kwa barua kuja kupimwa wakiwa wazima. Kwetu mwanamke anakuja na uvimbe ambao ameshaushika kwa mkono wake. Tathmini ya huduma za matiti iliyotolewa Tanzania mwaka 2017 ilikadiria kwamba wagonjwa kama 8 kati ya 10 hufika katika hatua ya 3 au ya 4, zile za mwisho. Programu ya kusoma mamogramu haiwezi kumfikia ambaye hajapigwa mamogramu.

Mfano unaonipa matumaini zaidi uko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kwenye kituo cha saratani kilichofunguliwa mwaka 2012 mlimani, mbali na jiji. Pale madaktari wa kawaida na wauguzi walifundishwa altrasaundi ya matiti na wataalamu wa picha waliotoka Boston, ili mwanamke mwenye uvimbe ajulikane siku hiyo hiyo kama ni maji, ni fundo la kawaida, au ni la kuchomwa sindano. Mashine za altrasaundi tunazo katika vituo vingi, wajawazito wanapimwa kila siku. Tunachokosa ni mikono iliyofundishwa kuishika juu ya titi. Shirika la Afya Duniani katika mpango wake wa mwaka 2021 linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike. Bila mikono hiyo, siku 60 zinaisha mgonjwa akiwa bado anatafuta rufaa.

Altrasaundi ya binti ilikuwa safi. Lakini dokta alikuwa ameuliza jambo jingine: nani mwingine katika ukoo? Bibi alikumbuka dada yake aliyefariki kijijini akiwa mdogo kwa "jipu la titi lisilopona". Mama mdogo mwenyewe aliugua kabla ya miaka 45. Tukaelekezwa kwenye kipimo cha jeni.

Njia ya kufikia kipimo hicho ilifunguliwa na Mary-Claire King. Wakati wengi waliamini saratani ya titi hairithiwi kwa jeni moja, yeye alikaa zaidi ya miaka 15 akikusanya koo zilizokuwa na wagonjwa wengi, na mwaka 1990, akiwa Berkeley, yeye na wenzake walionyesha kutokana na koo 23 kwamba kuna jeni kwenye kromosomu ya 17 inayowafuata wagonjwa walioanza kuugua mapema. Jeni yenyewe, BRCA1, ilinaswa mwaka 1994 na timu ya Utah. Ya pili, BRCA2, mwaka 1995 na timu ya Michael Stratton nchini Uingereza. Kazi ya jeni hizi ni kusaidia kukarabati DNA iliyokatika. Mwanamke aliyerithi BRCA1 mbovu ana uwezekano wa takriban asilimia 72 wa kupata saratani ya titi hadi afikishe miaka 80. Kwa BRCA2 ni kama 69. Na udhaifu huo umegeuzwa silaha: olaparibu, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2018 kwa saratani ya titi ya wenye jeni hizo zikiwa mbovu, inaiharibia seli njia nyingine ya ukarabati mpaka seli inakufa.

Kampuni ya Utah ilikuwa na hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, juu ya jeni hizo, na kwa miaka kipimo kilikuwa ni zaidi ya dola 3,000. Juni 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba DNA ya asili haiwezi kuwa mali ya mtu. Maabara nyingine zikaingia, bei ikashuka. Uamuzi ule wa Washington ndio uliotuwezesha sisi kumudu, kwa kuchangishana, kipimo cha mama mdogo.

Kuhusu Afrika, utafiti ninaouheshimu sana ni wa Nigeria, uliofanywa na Olufunmilayo Olopade wa Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na wenzake na kuchapishwa mwaka 2018. Kati ya wagonjwa 1,136, asilimia 14.7 walikuwa na hitilafu ya kurithi, nyingi zikiwa kwenye BRCA1 na BRCA2. Karibu mmoja kati ya saba. Wao hawakuchaguliwa kwa sababu ya ukoo. Walikuwa wagonjwa tu wa saratani ya titi.

Majibu ya mama mdogo hayakusema chanya wala hasi. Yalisema kuna badiliko kwenye BRCA2 ambalo maana yake haijajulikana. Mshauri wa vinasaba alieleza kwa upole kwamba majibu ya aina hii huwapata Waafrika zaidi, kwa kuwa kumbukumbu zinazotumiwa kulinganisha zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa H3Africa waliposoma jenomu, yaani vinasaba vyote, za Waafrika 426 wa makabila 50, walikuta mabadiliko zaidi ya milioni tatu ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Mengi hayana madhara. Ni utajiri wa bara ambako binadamu ameishi muda mrefu kuliko kwingine kote. Lakini mwanamke aliyeshika karatasi anataka kujua la kwake ni lipi, na hakuna atakayemjibu mpaka wanawake wengi wa kwetu, wagonjwa na wazima, wawe wamepimwa na kuhesabiwa.

Mshauri alisisitiza kwamba majibu hayo si sababu ya kukata titi wala ovari. Binti ataendelea kuangaliwa kwa kufuata historia ya ukoo, na maabara itatuandikia badiliko likipata maana. Kisha akatoa fomu ya kuruhusu taarifa za kinasaba, bila jina, ziwekwe kwenye kumbukumbu ya watafiti. Mama mdogo hakusaini haraka. Aliuliza damu yake itakaa nchi gani, nani ataisoma, na dawa ikitoka humo kama watu wa kwao wataweza kuinunua. Mawili ya kwanza alijibiwa. La tatu mshauri alikiri halimo mikononi mwake, akamwambia aliandike kwenye fomu, kwenye sehemu ya maoni. Akaliandika kwa herufi kubwa, akasaini.